Mwaka wa Tairi la Nyuma

Hamisi, mumewe Tausi, alinipigia simu nikiwa sokoni Mwananyamala, nimeinama juu ya fungu la nyanya, nabishana na muuzaji kama ilivyo desturi yangu. "Da Nae," akasema, "mwenzio katutoka. Presha tu, asubuhi hii. Tunazika alasiri." Nilizirudisha zile nyanya pale nilipozitoa, moja baada ya nyingine, na muuzaji akadhani nimesusa bei, akaanza kunibembeleza. Nikamwambia nimefiwa. Akaniuliza nimefiwa na nani, na hapo nikakwama, kwa sababu Tausi hakuwa ndugu yangu wala jirani yangu, na neno rafiki nililiona dogo mno. Nikasema dada. Nikachukua bajaji hadi Kunduchi, na njia nzima, mimi niliyetegemea kuiona sura yake, kukisikia kicheko chake, kuikumbuka harusi yake, sikuwaza kingine ila tairi. Tairi la baiskeli, la nyuma. Nimewahi kujaribu kuwasimulia wanangu habari hii, na kila mara hucheka nikifika kwenye tairi. Sasa naiandika, maana anayeandika hakatizwi.

Mwaka ule tulikuwa na miaka ishirini, yeye na mimi, na tulipanga chumba kimoja Tandika kwa Bi Mwanahawa. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, korido katikati, choo na bomba uani, na juu hakuna dari, kwa hiyo kilichosemwa chumba cha kwanza kilifika cha sita bila kupungua neno. Tulikuwa na kitanda kimoja, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili, na baiskeli mbili za resi zimeegemezwa miguuni mwa kitanda. Zilikuwa za mtumba, zile zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Mimi nilipiga chapa katika duka la steshenari. Tausi alisuka watu nywele pale barazani. Jioni tulipika ugali na dagaa, au mafuta ya taa yakiisha tulinunua mihogo ya kukaanga kwenye kona, tukala tumekaa kitandani huku tukifuta minyororo kwa kipande cha khanga kuukuu. Chumba kilinuka grisi na mafuta ya nazi. Hadi leo nikizisikia harufu hizo mbili kwa pamoja roho inaninyong'onyea, ingawa hutokea mara chache, maana ni nani mwingine anayechanganya grisi na mafuta ya nazi?

Majirani hawakutuelewa. Mama Zai wa chumba cha pili alikuwa na tabia ya kumsimulia mumewe mambo yetu kana kwamba ukuta ulifika paani. "Wale mabinti mie nawahurumiaga," alisema jioni moja. "Kile kisiti chembamba vile, watakuja kuzaa kweli?" Mumewe akaguna tu. Tausi alikuwa amejilaza chali. Akasimama juu ya kitanda, akaelekeza mdomo kwenye mabati. "Mama Zai! Kizazi siyo tyubu, hakipati pancha!" Nyumba nzima ikaangua kicheko, na Mama Zai mwenyewe akacheka kuliko wote, na kesho yake akatuletea bakuli la maharage ya nazi. Tausi alikuwa hivyo. Angeweza kukutukana na wewe ukamletea chakula. Mimi ningesema maneno yale yale ningehamishwa nyumba.

Baba yake, Mzee Kondo, alikuwa dalali wa samaki mnadani Kunduchi. Pale mnadani, dalali akishatamka "imekwenda", samaki wameondoka. Aje mtu na bei maradufu, aje shemeji yake analia, neno halirudi. Likirudi mara moja tu, kesho hakuna mteja atakayemwamini. Mzee Kondo aliishi nyumbani kama alivyoishi mnadani. Jumapili moja alikuja Tandika na hotipoti la changu wa kukaanga, akaketi mkekani, akatuangalia tukimwamkia. "Marahaba wanangu. Mnakula lakini? Mbona mmekonda kama ng'onda?" Tukala. Alituchambulia samaki yeye mwenyewe, akatusukumia minofu, akabaki na vichwa. Tulipokwisha kunawa ndipo akasema, "Tausi, posa imekuja. Kwa akina Hamisi. Watu wema, unawajua."

"Nawajua, baba."

"Na habari ya hayo mashindano yenu nimeisikia."

Habari yenyewe ilikuwa hii: chama chetu cha baiskeli kilitangaza mbio za wasichana, kutoka Temeke hadi Mkuranga na kurudi, na atakayekuwa wa kwanza angepelekwa kambi ya mazoezi nje ya nchi. Msichana mmoja tu. Kwangu lilikuwa jambo la kufurahisha kulisikia, kama mtu anavyofurahi kusikia kuna bahati nasibu. Kwa Tausi lilikuwa mlango, na alikuwa amekwisha kuingiza mguu mmoja. Mzee Kondo akaisawazisha kofia yake. "Nitawaambia wasubiri. Ukiwa wa kwanza, nenda. Posa nitairudisha kwa mkono wangu mwenyewe na aibu nitaibeba. Usipokuwa wa kwanza, unarudi nyumbani unaolewa. Nafasi moja."

"Imekwenda?" Tausi akamuuliza, na kumpa mkono.

Mzee akacheka kwa kusikia neno lake katika kinywa cha binti yake, kisha akaacha kucheka, akaushika ule mkono. "Imekwenda," akasema. Miaka mingi nilimchukia kwa ajili ya neno lile. Leo nina mabinti wawili, na najua kuwa wapo akina baba wengi siku zile ambao wasingempa binti hata hiyo nafasi moja, na wala wasingemchambulia samaki. Lakini kujua hivyo hakunipunguzii kitu.

Miguu Tausi alikuwa nayo. Alichokosa ni tairi. Katika mbio mbili tulizoshiriki mapema mwaka ule alitoboka zote mbili, akiwa mbele. Barabara ya Kilwa ya wakati huo ilikuwa na vipande vya chupa na misumari pembeni, lakini hivyo mtu mwenye macho anaviona. Adui alikuwa waya. Matairi ya malori yanapopasuka huacha barabarani nyaya nyembamba kama unywele, na waya wa namna hiyo hauonekani wala hausikiki. Unazama taratibu kwenye mpira, na unapotahamaki upepo umekwisha. Kwa hiyo baada ya Mzee Kondo kuondoka mazungumzo yetu yote yakawa tairi. Tulilala na tairi, tukaamka na tairi. Mama Zai akaanza kutuuliza hali ya tairi badala ya hali zetu.

Jumamosi tulikwenda Gerezani kwa wauza spea za mtumba. Tairi la mtumba unalichagua kwa kulipindua ndani nje, uone kama nyuzi zimekatika. Unalikunja ubavu uone kama limepasukapasuka kwa kukaa sana juani. Unalibana katikati kwa kidole gumba na cha shahada upate unene wake. Tausi, ambaye siku zote alipenda matairi mepesi yanayopiga kelele nyembamba kwenye lami, sasa aliyashika yale mazito tu. "Hilo ni la baiskeli ya mkaa," nilimwambia. "Utapanda nalo mlima wa Kongowe?"

"Umewahi kuona baiskeli ya mkaa imelala njiani? Mkaa unafika, Nae."

"Unafika jioni."

"Nyie Wapare mna kesi na kila kitu. Hata tairi mnalishitaki."

Tulibishana hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi hadi wauzaji wakatuzoea, wakawa wanatupa viti. Jepesi linakimbia lakini linatoboka, zito halitoboki lakini linakuburuza, na yeye alitakiwa kuwa wa kwanza, siyo kufika tu. Kisha siku moja, chini kabisa ya rundo, nililiona. Lilikuwa jeusi, si jipya wala si chakavu, na nilipolipindua nikakuta kati ya mpira na nyuzi kuna tabaka la kitambaa kigumu cha rangi ya machungwa, limezunguka tairi zima. Nilichomoa pini kwenye kitambaa changu cha kichwa nikajaribu kulichoma. Pini ikapinda. Tausi alinikumbatia pale pale mbele ya wanaume wote wale, akaanza kulia. Lilikuwa moja tu, halina pacha. Tukalifunga nyuma, kwa sababu uzito wa mwendeshaji unakaa nyuma na pancha nyingi huja nyuma. La mbele likabaki lake la zamani. Wiki zile za mwisho aliendesha kila alfajiri, barabara ile ile, nyaya zile zile, na hakutoboka hata mara moja. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama ile. Alikuwa akiimba huku anasuka watu nywele, na wateja wakilalamika kuwa anavuta sana.

Wakati huo waendesha baiskeli wa Temeke walikuwa na desturi yao. Walikwenda kwenye gereji, wakaomba mkanda wa siti kutoka kwenye gari bovu, wakaukata kwa urefu wa gurudumu, wakautandika ndani ya tairi, juu ya tyubu. Waya ukipita kwenye mpira unagota kwenye mkanda. Waliojua kazi waliuvika ukingo wa mkanda ule kwa tyubu kuukuu ili uwe laini. Mzee Kondo alisikia nusu ya habari hiyo, sijui kwa nani. Siku moja kabla ya mashindano, mchana, akatokea Tandika na mkanda aliouchomoa yeye mwenyewe kwenye pikapu lililokuwa likibeba samaki wake na sasa limekufa. Akaomba mshumaa. Akaketi kwenye kizingiti cha chumba chetu, akaupitisha ukingo wa mkanda kwenye moto, polepole, huku na huku, ili usitoke nyuzi, kama wanavyofanya pwani kwa kamba zote za nailoni. Alikuwa akipuliza vidole kila moto ulipomgusa. "Baba ana haraka ya kukupeleka ng'ambo," Bi Mwanahawa alimtania Tausi akipita, na mzee akajibu bila kuinua uso, "Mtoto akitaka kitu, mzazi unaweza kumwekea sharti. Lakini huwezi kumwombea akose."

Nilianza kusema kwamba lile tairi lilikuwa na kinga yake tayari. Tausi akanikanyaga kidole cha mguu. Akaupokea ule mkanda kwa mikono miwili, akambusu baba yake mkono, na mbele ya macho yake akalifungua gurudumu, akautandika. Mzee akalipiga tairi konzi. "Hapo sasa," akasema. "Hapo hata risasi." Akaenda zake na furaha, akakataa hata chai.

Asubuhi ya mashindano jua lilianza mapema. Mimi nilikuwa nyuma, mahali pangu pa kawaida. Nikiwa bado naelekea Mkuranga niliwaona wa mbele wanarudi: Tausi wa kwanza, amelala juu ya usukani, msichana mmoja wa Kinondoni nyuma yake kwa mbali. "Nae, kanyaga!" akanipigia kelele, akapita. Ndiyo picha yake ninayoipenda kuliko zote. Nilipogeuza na kufika Vikindu nikamkuta kando ya barabara, gurudumu mkononi, anapiga pampu. "Pancha," akasema. "Nimelipapasa tairi lote, ndani na nje, hakuna kitu. Nenda, nitakupita." Alikuwa amekwisha kuweka tyubu yake ya akiba, na kweli alinipita baada ya muda mfupi, anahema, hanitazami. Pale Kongowe nikamkuta tena. Safari hii hakuwa anapiga pampu. Alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, na ile tyubu ya pili imelala mapajani mwake.

Tulilifungua pamoja. Kwenye mpira hapakuwa na msumari wala waya, wala hata mkwaruzo. Tukautoa mkanda. Ukingo ule uliopitishwa motoni ulikuwa umeganda na kufanya vipunje vigumu, na nilipoupitisha kwenye kucha ukakwaruza. Kwenye tyubu palikuwa na mikato midogo imefuatana kwa mstari, pale pale ukingo ulipokuwa ukisugua. Nikamtazama. Alikuwa amekwisha kuelewa.

"Ni mkanda," nikasema. "Tausi, ni mkanda wa baba."

"Naona."

"Basi mwambie! Akijua ni yeye kakuangusha, hawezi kukudai. Baba yako mtu wa haki, utaendelea na baiskeli, mwakani utajaribu tena."

"Ndiyo maana simwambii." Alikuwa anaukunja ule mkanda taratibu, kama mtu anayekunja nguo. "Ataniachia, najua. Ataniachia, halafu kila akikaa atauona mkono wake umeshika mshumaa. Umemwona jana alivyofurahi? Mie niendeshe baiskeli juu ya hilo? Siwezi, Nae."

"Na maisha yako?"

"Tumekuta msumari," akasema. "Umesikia? Msumari." Akautupa mkanda mtaroni. Nikampa tyubu yangu ya akiba, akaifunga bila kuweka kitu kingine juu yake, na lile tairi likamfikisha Temeke bila kupungua upepo. Lilikuwa linatosha lenyewe tangu mwanzo. Hilo ndilo lililonitesa usingizini kwa miaka.

Mzee Kondo alikuwa mwisho wa mbio, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, na chupa ya maji ya baridi ameizungushia taulo. Msichana wa Kinondoni alikuwa amekwisha kubebwa juu juu. Mzee alimpokea mwanawe baiskeli kwanza, kisha akampa maji, kisha akauliza. "Msumari, baba," Tausi akasema. "Mkanda haukuzuia?" "Ulikuwa mrefu, baba. Ungepita hata kwenye ubao." Mzee akatazama chini. Niliona midomo yake inataka kusema jambo, na nikaomba Mungu alitamke, alirudishe neno lake mara moja tu katika maisha yake. Akasema, "Pole, mwanangu. Riziki haivutwi kwa kamba." Tausi akaitikia kuwa ndiyo, haivutwi, akamfuta babaye jasho kwa ncha ya mtandio wake.

Alihama wiki iliyofuata. Nilibaki na kitanda kizima, na nililala upande wangu ule ule kwa miezi, nikiuachia upande wake. Mama Zai aliacha kuuliza habari za tairi. Hamisi alikuwa mume mwema, na nasema hivyo bila kulazimishwa; hakuwahi kumpandishia sauti. Tausi akazaa, akafungua saluni ya kusuka, akanenepa kidogo, akawa mtu wa kucheka vilevile. Baiskeli hakugusa tena. Nilipomtembelea safari moja tulikuwa barazani tunamenya vitunguu, na kundi la vijana wa baiskeli za resi likapita kuelekea Bagamoyo, zile kelele nyembamba za tairi kwenye lami. Hakuinua macho, aliendelea kunisimulia habari za bei ya vitunguu. Lakini chini ya khanga mguu wake wa kulia ulikuwa unazunguka. Nilijifanya sijauona, na nikamkasirikia. Nilimkasirikia mara nyingi, nikamwona mjinga, nikaapa kuwa siku moja nitamwambia yule mzee mwenyewe, na maneno ya kumwambia nikayapanga kichwani nikiwa jikoni kwangu, makali, ya kumkata.

Nafasi ikaja siku ya mazishi. Wanaume walipotoka makaburini, Mzee Kondo akafika mlango wa chumba cha wanawake, akaniita kwa jina. Amezeeka sana sasa, anatembea kwa fimbo. Tukakaa nyuma ya nyumba kwenye viti vya plastiki. "Naetwe," akasema, "ile siku ya mashindano ulikuwa naye." Nikasema ndiyo, baba. "Nilikuja kusikia vijana wa baiskeli wameikataa ile mikanda. Wanasema ukiichoma inakata tyubu. Nikamuuliza mwanangu. Nimemuuliza mara nyingi, hata juzijuzi hapa, ananijibu msumari." Akaichimbia fimbo yake mchangani. "Kama ulikuwa mkanda wangu, basi mie ndiye niliyeivunja ile ahadi, na sikuwa na haki ya kumdai. Ningemwacha aende. Wallahi ningemwacha. Leo nimemlaza kule, siwezi kumuuliza tena. Wewe ulilifungua tairi pamoja naye. Niambie kweli, mama. Ulikuwa nini?"

Nilikuwa nayo yote mdomoni. Ndani akina mama walikuwa wanasoma, na sauti zao zilipanda na kushuka. Nikamtazama yule mzee, machozi yamejaa kwenye mikunjo ya uso, hana mwana tena wa kumwomba radhi, na ile kweli niliyoitunza kwa hasira miaka yote ile sikuona ningemfanyia nini nayo.

"Msumari, baba," nikasema. "Mrefu. Ungepita hata kwenye ubao."

"Na yeye alisema ubao," akasema. Sijui kama aliniamini. Akaanza kulia kwa sauti, nami nikalia, nikimlilia Tausi, na pia kwa kuwa jambo lile tulilolibeba wawili sasa nimebaki nalo peke yangu. Wakatokea watu na sinia la wali, wakataka kumpeleka kwa wanaume wenzake. Akakataa. Akasema waliweke pale pale, akavuta nyama kwa vidole vyake, akaichambua mfupa, akanisogezea mimi kwanza.